UZI: Ni nini hasa kilichoiua hoteli ya Ami pale kona, Kariakoo?

#1 Kalamu ya Gerezani

Wanajamvi, salaam.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua pampu ya maji, na nilipomaliza nikaona nipite pale kona ninywe chai kwa Ami, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne hivi. Hoteli haipo. Ukuta wa mbele umetobolewa milango minne ya chuma ya kukunja, na ndani mna fremu nne: mbili zinauza makava ya simu, moja inauza mawigi, na ya nne ina kufuli ikisubiri mpangaji. Kijana wa makava ana mwezi wa tatu hapo, na hakuwahi kusikia kwamba palikuwa na hoteli. Hata hivyo, sakafu ya vigae vyekundu ni ileile, na pale ilipokuwa kaunta pamebaki alama ya mstatili ambayo wekundu wake umekolea kuliko kwingine, kwa kuwa haikukanyagwa kwa miaka mingi. Kijana ameweka kiti chake juu ya alama hiyo.

Sitalitaja jina la hoteli kwa sababu familia ya Ami bado ina watu mjini, lakini waliokulia Gerezani, Ilala na Mchikichini wameshaijua.

Sasa naleta hoja. Wengi mtasema iliuawa na mama lishe, na wengine mtasema ni kodi. Mimi nasema hoteli ile ilianza kufa siku ilipoacha kuleta chai kwenye kikombe chenye kisosi. Mzee aliyezoea kumimina chai kwenye kisosi, akaipuliza, akainywa kwa mafundo huku akibishana habari za Simba na Yanga, alikuwa na sababu ya kukaa saa nzima na kuagiza kikombe cha pili. Alipoletewa kikombe cha plastiki chenye chai inayounguza mdomo, aliinywa kwa haraka akaondoka, na kesho yake hakuona kilichomrudisha. Mnasemaje?

#2 Mtoto wa Kota

Asante kwa uzi, mkuu, lakini nikusahihishe. Sakafu ile haikuwa na vigae. Ilikuwa saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kuchorwa miraba kabla haijakauka ili ionekane kama vigae, kisha ikawa inasuguliwa kwa nta. Nalijua hilo kwa sababu niliteleza hapo nikiwa darasa la tano, nikiwa nimebeba chupa ya chai ya baba, na kioo cha ndani kikapasuka. Kiboko nilichochapwa siku ile hakiniruhusu kusahau sakafu.

Pili, visosi havikuondolewa na Ami. Viliibiwa. Kuna nyumba nyingi za Kota ambazo hazikuwahi kununua kisosi hata kimoja dukani na bado kabati lilijaa, na naomba nisiulizwe zaidi ya hapo.

#3 Karani Mstaafu

Ndugu Kalamu, hoja yako inapendeza, ila hoteli ile ilivuka mambo mazito kuliko kisosi.

Niliajiriwa serikalini mwaka 1979, vita vya Kagera vikiwa bado vya moto, na miaka iliyofuata ndiyo iliyonionyesha jinsi Ami alivyokuwa mgumu. Sukari ilikuwa ya mgawo, unga wa ngano haukuonekana, na sote tulikula ugali wa mahindi ya njano tuliouita unga wa Yanga. Ami hakufunga. Maandazi yalipokosekana aliuza mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha, na sukari aliifungia kwenye droo ya pesa, akikutilia kijiko kimoja mbele ya macho yako kana kwamba anapima dawa. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto na watu wakawa wanatupa mifuko ya sukari mitaroni usiku, yeye aliendelea kufungua saa kumi na moja alfajiri.

Kwa maoni yangu, kilichomwondolea nguvu ni Dodoma. Wateja wake wa mchana walikuwa watumishi: makarani, wahasibu, matarishi na madereva wa magari ya serikali. Tulikula kwa daftari na kulipa tarehe ya mshahara. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 tuliusikia kama mtu anavyosikia adhana ya msikiti wa mtaa wa pili. Julai 2016 Rais Magufuli alisema sasa tunahama, Waziri Mkuu akahamia huko Septemba ya mwaka huohuo, na wizara zikafuata. Nilipostaafu, meza yetu ya watu sita ilikuwa imebakiwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mimi.

#4 Konda wa Zamani

Shikamoo mzee wangu Karani. Kwa heshima zote, hapo sikuelewi. Wizara nyingi zilikuwa Kivukoni, Samora na Magogoni. Nani aliyetoka Magogoni mchana wa jua kwenda kula wali maharage Kariakoo, na arudi ofisini saa nane?

Mimi nilikuwa konda na njia yetu ilimalizikia pale jirani. Hoteli ya Ami ililishwa na miguu ya abiria. Mtu akishuka alfajiri anaona mvuke wa supu, anaingia. Ujenzi wa mwendokasi ulipoanza mwaka 2012, Msimbazi ikafukuliwa na kwa muda mrefu tukawa tunashusha watu mbali, wanaruka mitaro na kupita kwenye mbao. Mabasi yale yalipoanza kazi Mei 2016, abiria wakawa wanashukia vituoni katikati ya barabara, na wakivuka wanavukia kwingine. Mguu ukishazoea njia mpya, huurudishi kwa harufu ya supu.

#5 Karani Mstaafu

Marahaba, kijana. Sikusema tulitembea kwa miguu. Ofisi yetu ilikuwa na gari lililotumwa mara kwa mara kufuata vipuri Gerezani, na vipuri hivyo, kwa sababu ambazo sitazieleza hapa, vilihitajika saa saba mchana.

#6 Dalali Mkweli

Nimesoma nikacheka. Visosi, Dodoma, mwendokasi! Waheshimiwa, pigeni hesabu ya fremu.

Hoteli ya Ami ilikuwa na uso wa mbele wa kutosha fremu nne, na yeye alilipa kodi ya mpangaji mmoja. Ukuta huo ukigawanywa, mwenye nyumba anapata kodi nne, kila moja ikilipwa kwa mwaka mzima mkononi, na kabla ya kodi kila mpangaji anatoa kilemba. Kilemba cha fremu moja pale kona, nikikitaja hapa, baadhi yenu mtadhani nimekosea sifuri. Muuza chai analipa kwa kukusanya vikombe vya shilingi mia tano. Muuza makava ya simu anahitaji meta mbili za ukuta, hana jiko, hana moshi, hana mfereji wa maji machafu, na hakai na mteja mmoja kwa saa nzima akizungumzia Yanga. Ndugu Kalamu anamsifu yule mzee wa kisosi, ila mzee huyo ndiye aliyekuwa akikalia mali ya watu kwa kikombe kimoja.

#7 Nungwi Kwetu

Dalali aitwaye Mkweli! Kweli dunia ina mambo. Na hicho kilemba, wewe ulikatiwa kitambaa kiasi gani?

#8 Dalali Mkweli

Cha kunitosha kufunga kichwa tu, ndugu yangu.

#9 Chipukizi 2001

Samahani wakubwa, mimi ni mgeni katika uzi huu. Hoteli hiyo ilikuwa na vyumba vingapi vya kulala?

#10 Mtoto wa Kota

Mdogo wangu, hakikuwepo hata kimoja. Sisi mahali pa kula tuliita hoteli, na mahali pa kulala tuliita gesti. Aliyelala kwa Ami alikuwa paka tu, naye alilala juu ya gunia la mchele.

#11 Mpishi wa Zamu

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini naona wanaozungumza wote walikuwa upande wa mezani. Mimi nilikuwa jikoni kwa Ami kuanzia mwaka 1994 hadi 2003, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa urefu.

Supu ile iliwekwa jikoni saa tatu usiku. Kongoro na mifupa vilichemshwa kwa mkaa uliofunikwa jivu ili moto usiwe mkali, na mpishi wa zamu aliamka saa nane kuengua povu na kuongeza maji ya moto, kamwe si ya baridi, kwa sababu maji ya baridi huifanya supu iwe na ukungu. Kufikia saa kumi mifupa ilikuwa imeachia. Chumvi ilitiwa mwisho, pamoja na tangawizi iliyotwangwa, na ndimu iliwekwa mezani. Ami mwenyewe alikwenda machinjio ya Vingunguti mara tatu kwa wiki. Alikuwa akiubonyeza mfupa kwa kidole gumba na kumwambia mchinjaji, “Huyu ng’ombe alitembea sana,” kisha anahamia meza nyingine.

Mambo mawili yalibadilika. Kwanza, mabasi ya mikoani yalipoondolewa mjini na kupelekwa Ubungo, tuliwapoteza wasafiri wa alfajiri, ambao ndio waliokuwa wakimaliza sufuria ya kwanza. Mpishi mkuu, aliyenifundisha mimi, aliwafuata wateja huko Ubungo, na aliondoka na mkono wake. Pili, Ami alianza kuumwa magoti, akaacha kwenda Vingunguti, nyama ikawa inaletwa kwa pikipiki na mtu ambaye hakuwa akibonyeza mfupa wowote. Mwaka wa mwisho wangu tulikuwa tukiweka supu jikoni saa tisa usiku na kuiuza saa kumi na mbili, tukiongeza kile kiungo cha pakiti ili ipate ladha. Mteja hakulalamika. Mteja wa supu huwa halalamiki, huhama.

Kwa hiyo Dalali asituambie habari za fremu peke yake. Mwenye hoteli iliyojaa hulipa kodi hata ikipanda.

#12 Bi Mkubwa wa Mchikichini

Mpishi, asante. Angalau umetaja kazi.

Nami niwaulize enyi wanaume mnaolilia kisosi: nani kati yenu alimwona mwanamke amekaa kwenye meza ile? Kwa miaka yote niliyoishi mtaa wa pili niliingia mle mara tano, na mara zote niliishia kaunta, nimebeba bakuli la kutilia mchuzi. Sisi tulituma watoto. Hoteli ilikuwa ya waume zetu, na pesa ya jikoni ndiyo iliyokuwa ikinywewa chai huko. Mama lishe walipoanza kupanga masufuria vibarazani, nilikula nje ya nyumba yangu kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa, tena kwenye benchi, karibu na mwanamke mwenzangu niliyemjua kwa jina. Kama hilo ndilo lililomuua Ami, basi aliyemtangulia katika kuwafukuza wateja wa kike ni yeye mwenyewe.

#13 Konda wa Zamani

Dada Bi Mkubwa ametufunga magoli mawili na kipindi cha kwanza hakijaisha.

#14 Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu kisa kama hicho kina tarehe, kwa hiyo ubishi wake ni mfupi. Mwezi wa Machi 2020 amri ya kutotoka nje usiku ilianza nchini Kenya, na haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Tena tarehe 6 Mei 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, na mikahawa ya maeneo hayo ikaamriwa kufunga kwa muda. Mkahawa ambao biashara yake ni mahamri na mbaazi baada ya alfajiri, na kahawa na viazi vya karai baada ya isha, ungeishi vipi? Mmoja wa jirani zetu alifungua tena baada ya vizuizi, akauza kwa miezi sita, kisha akageuza chumba kuwa duka la maji ya chupa. Lakini ninyi Tanzania hamkufungiwa. Ndiyo maana nashangaa.

#15 Nungwi Kwetu

Mvita, hatukufungiwa, lakini Kariakoo ilikuwa na mwaka wake. Soko kuu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lile jengo la mwaka 1975 lililochorwa na msanifu Beda Amuli, na Oktoba ya mwaka huohuo machinga wakaondolewa barabarani. Nilikuwa Dar wakati huo. Wachuuzi wa sokoni waliokuwa wakinywa chai saa nne walitawanyika, wengine Kisutu, wengine Machinga Complex, na mitaa ikawa myeupe kwa wiki kadhaa. Sikusikia mtu yeyote hapa akiuhesabu moto huo.

#16 Dalali Mkweli

Moto uliongeza thamani ya fremu za nje ya soko, kwa sababu wafanyabiashara walitafuta pa kujibanza. Umenisaidia hoja yangu bila kukusudia.

#17 Mtoto wa Kota

Mimi nina swali kuhusu jengo lenyewe. Marehemu baba aliniambia kwamba nyumba ile ilitaifishwa mwaka 1971, ikawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye shirika ndilo lililopandisha kodi. Kama ni hivyo, Dalali anazungumzia mwenye nyumba yupi?

#18 Karani Mstaafu

Ndugu yangu, baba yako alichanganya mitaa. Sheria ya mwaka 1971 ilichukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuwa akiishi ndani yake, na mengi yaliyoguswa yalikuwa ya ghorofa kule Uhindini. Msajili wa Majumba alikuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Nyumba ya pale kona ilikuwa ya Kiswahili, yenye vyumba sita, korido katikati na ua nyuma, na mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo aliyekuwa akiishi chumba cha tatu kulia. Ami alikuwa mpangaji wake wa vyumba viwili vya mbele vilivyovunjwa ukuta wa kati. Ninaukumbuka ua ule kwa sababu choo cha wateja kilikuwa huko, na ulilazimika kumsalimu bibi ukienda na kumsalimu tena ukirudi.

#19 Kalamu ya Gerezani

Nashukuru kwa michango. Kuhusu vigae nakubali kosa: nilirudi jana kuangalia, na ni saruji kweli, mistari ya miraba imepinda kidogo karibu na mlango. Kuhusu kisosi bado sijashindwa.

#20 Mzamiaji Mstaafu

Habari za huko, wakuu. Huku London nimeshuhudia jambo linalofanana. Palikuwa na mkahawa uitwao New Piccadilly, mtaa wa Denman, uliofunguliwa mwaka 1951 ukiwa na meza za fomika na mashine ya kahawa ya rangi ya waridi. Kodi ilipanda, ukafungwa mwaka 2007, na watu waliokuwa hawajaingia humo kwa miaka kumi wakaja kupiga picha. Upande wa mashariki, Bethnal Green, Pellicci upo katika familia moja tangu mwaka 1900, na mwaka 2005 uliorodheshwa kuwa urithi unaolindwa kwa sababu ya mbao zake za nakshi za mwaka 1946. Lakini kilichoorodheshwa ni jengo na mbao. Hakuna sheria inayomlazimisha mtoto aamke alfajiri kukaanga mayai. Nadhani hapo ndipo pa kuuliza: watoto wa Ami walikuwa wapi?

#21 Binti wa Keko

Habari zenu. Nimetumiwa uzi huu na rafiki, na nimejisajili kwa ajili yake tu.

Naona mama lishe anatajwa kana kwamba alishuka kutoka mawinguni akamwangukia Ami. Mama lishe wa pale mbele ya hoteli alikuwa mama yangu, na kwa miaka kumi kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akipika chapati mlizokuwa mkizila ndani. Mpishi aliondoka mwaka 2003, kwa hiyo hakuyaona haya. Mwaka 2009 Ami alimpunguza kijana wa chapati, akaanza kuzinunua kwetu Keko. Mama aliamka saa tisa, tukasukuma pamoja, na mimi nilibeba ndoo nyeupe yenye mfuniko, chapati mia mbili zikiwa zimefungwa kwa kitambaa cha kanga, hadi mlango wa uani. Mkunjo wa chapati za mama ulikuwa wa konokono mara mbili. Aliyekula anakumbuka kwamba zilichanika kwa tabaka.

Mwanzoni alilipwa kila jioni. Baadaye kila wiki. Mwishoni Ami alikuwa akisema, “Mwanangu, mwambie mama wateja hawajalipa,” na alikuwa akinionyesha daftari. Nililiona daftari lile kwa macho yangu. Mzee Karani, shikamoo, na meza yenu ya watu sita ilikuwemo.

Mwaka 2019 mama alichoka. Hakugombana naye. Alimwambia kwamba ataweka meza upande wa pili wa barabara mpaka deni liishe, na Ami akamkopesha benchi. Wateja walivuka wenyewe, kwa sababu chapati zilikuwa zilezile na mlipaji alilipa mkononi. Oktoba 2021 na sisi tuliondolewa barabarani, tukarudi Keko. Kwa hiyo yule mshindani mnayemlaumu alikuwa mdai wake, na aliondoka kabla hoteli haijafungwa.

#22 Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Nilihamishwa kituo kabla ya tarehe ya mshahara, na nikakusudia kulipa nikirudi.

#23 Bi Mkubwa wa Mchikichini

Uhamisho uliodumu miaka mingapi, baba?

#24 Konda wa Zamani

Basi sasa tunafahamu kwamba serikali ilihamia Dodoma na madeni ikayaacha kwa Ami. Hoja ya mzee ilikuwa sahihi, ila upande wake wa pili.

#25 Mjukuu wa Shihiri

Asalaam alaykum. Ami mnayemtaja ni babu yangu mkubwa, kaka wa babu yangu mzaa baba. Yuko hai, yuko kwa binti yake hapa Muscat, na jana baada ya magharibi nilimsomea uzi huu tangu mwanzo. Macho yake hayaoni vizuri lakini masikio ni mazima. Nitayaandika majibu yake kadiri nilivyoyapata, maana alikuwa akicheka.

Kuhusu nyumba: bibi mwenye nyumba alifariki, warithi wakawa saba, na mirathi ikachukua muda mahakamani. Warithi walitaka kuingia ubia na mjenzi ili ijengwe ghorofa, wao wapewe sakafu mbili, lakini hawakukubaliana ni nani apewe ya chini. Ndipo wakaishia kutoboa fremu. Hata hivyo, anasema hawakumfukuza. Walimwambia abaki na fremu mbili kwa kodi ya zamani kwa mwaka mmoja, kwa heshima ya mama yao. Dalali, hilo hulijui.

Kuhusu watoto: anao watano. Mmoja ni mfamasia, wawili wako huku, mmoja ana malori, na mmoja alijaribu hoteli kwa miezi minane akaacha. Yeye aliyejaribu ndiye aliyeleta vikombe vya plastiki. Nilipomuuliza babu kama aliumia watoto walipokataa, alisema yeye naye aliikataa kazi ya baba yake ya kuuza maji kwa punda, na baba yake hakufa.

Kuhusu supu, alinyamaza. Kisha akasema nimwambie Mpishi kwamba pikipiki ilikuwa wazo la daktari.

#26 Mpishi wa Zamu

Mpelekee salamu zangu. Mwambie supu ya Ubungo nayo ilikwisha, mabasi yalipohamia Mbezi Louis mwaka 2021. Pia mwambie bado sikubaliani: kama kodi ilibaki ileile kwa mwaka mzima na bado alifunga, basi meza zilikuwa tupu, na meza hazikutupwa na warithi.

#27 Dalali Mkweli

Fremu mbili bila jiko la uani si hoteli. Kumwachia mtu mlango na kumnyang’anya ua ni kumfukuza kwa adabu.

#28 Kalamu ya Gerezani

Mjukuu, ahsante sana, umetufaa. Sasa niulizie jambo moja. Visosi: aliviondoa au viliibiwa?

#29 Mjukuu wa Shihiri

Nimemuuliza leo mchana. Anasema havikuondolewa wala havikuibiwa, au kama viliibiwa hakuona upungufu. Anasema kinachovunjika hotelini ni kikombe, kwa sababu kikombe kina mkono na kinashikwa na watu. Kisosi hukaa mezani. Kila mwaka alinunua seti mpya za kikombe na kisosi ili kufidia vikombe, visosi vikazidi kuwa vingi, mpaka vikajaa sanduku la chai la mbao chini ya kaunta. Mwanawe alipokuja na vikombe vya plastiki, visosi vilibaki humo sandukuni kwa kuwa kikombe cha plastiki hakikai juu ya kisosi, huteleza. Sanduku lilipokwenda baada ya kufunga hakumbuki.

#30 Mtoto wa Kota

Nimeguswa. Kumbe miaka yote tuliogopa bure kumkaribisha Ami nyumbani.

#31 Binti wa Keko

Sanduku hilo liko kwetu. Wiki ya kufunga, Ami alimtumia mama ujumbe kwamba hana pesa ya kumalizia deni, aje achukue chochote anachokitaka. Kaka zangu walitaka friji. Mama alichagua karai kubwa la chapati na lile sanduku, na tulipolifungua tulihesabu visosi mia moja na arobaini, vikiwa vimetengwa kwa kurasa za magazeti ya zamani. Mama anavitumia kila siku. Anauza uji na chapati kwa mafundi seremala hapa Keko, na vumbi la mbao ni jingi, kwa hiyo hufunika kila kikombe cha uji kwa kisosi.

#32 Kalamu ya Gerezani

Anafungua saa ngapi?

#33 Binti wa Keko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Mzee Karani naye anakaribishwa, lakini mama hakopeshi.